Baba Hakuanguka, Aliketi

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa nne na dakika kumi asubuhi Baba ameketi chooni. Ghafla. Bila kiti.

Naandika "ameketi" kwa makusudi. Mwezi wa Julai Baba aliteleza mlangoni, na Dada Nasreen akatoa hukumu: akianguka tena, namchukua Mombasa, na asinipigie mtu kelele. Aliyasema mbele yangu, mbele ya Baba, na mbele ya jirani yetu Bwana Bakr, ambaye hakualikwa kwenye maneno hayo. Alisema kuanguka. Kuketi hakukutaja.

Ilivyokuwa ni hivi. Baba ana miaka themanini na minne. Kwa miaka hamsini alikuwa fundi wa mashua hapa Matondoni. Sasa miguu haimbebi ila kwa bega la mtu, na bega ni langu mimi, mwanawe Harith. Leo alitaka kutawadha aswali Dhuha. Nikamletea mchanga safi kwenye sahani, nikamkumbusha kuwa mgonjwa anaruhusiwa kutayamamu. Akanijibu kuwa mai yapo, na mwenye mai hajipaki mchanga usoni. Nikampeleka chooni. Akashika ukuta.

Hapo nikasikia sauti ya Bwana Bakr akipita ndiani. Nikatoka kidogo tu kuchungulia amebeba nini. Godoro la upepo! Jipya, la kumlaza ami yake. Nililitazama labda dakika moja. Labda mbili.

Niliporudi Baba alikuwa sakafuni, kopo limepinduka, mguu wa kulia chini yake. Roho iliniruka. Nilimwita mara tatu kabla hajajibu. Alipojibu alisema nisipige kelele, watu watadhani amekufa.

Nimemkokota hadi kitandani kwa dakika ishirini na tano. Mgongo wangu umekwisha. Kifundo chake cha mguu kimevimba kama chungwa. Sijui kama mfupa umevunjika. Anayeweza kujua ni Afra, muuguzi wa zahanati, lakini Afra alisoma dawati moja na Nasreen. Anachokiona asubuhi, Mombasa wanakijua kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo Afra haitwi. Nimempaka manjano na mafuta ya nazi, nimefunga kitambaa.

Nimemuuliza Baba tumwambie nini Nasreen. Amefikiri. Kisha amesema kuwa nyumba ya Nasreen iko ghorofa ya nne, adhana huko inatoka kwenye simu, na kaburi la marehemu Mama liko hapa, hatua mia mbili kutoka kitandani mwake. Alizihesabu zamani, alipokuwa na miguu.

Basi hakuanguka. Amesema mwenyewe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango umepatikana. Asiyesimama haanguki! Baba atalala chali, mito miwili kila upande, mpaka mguu upoe. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Uji nimemnywesha akiwa amelala. Umempalia. Amekohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilimwinua, nikampiga mgongoni, nikaahidi mbele ya Mungu mambo mengi ambayo sasa siyakumbuki. Ulipopita, akaniomba kwa adabu nisimuue kwa uji. Kifo cha uji, asema, hakisimuliki barazani.

Tangu hapo nasikiliza pumzi zake. Akinyamaza, naenda. Akikoroma, naenda pia, nijue kama ni kukoroma kwa kawaida. Baada ya adhuhuri alinyamaza mno. Nikachukua kioo cha kunyolea, nikakiweka chini ya pua yake. Akafungua jicho moja. Akauliza: "Wanyoa au wangoja?"

Nasreen hupiga simu ya picha kila siku saa kumi, baada ya Alasiri. Akipiga mara mbili asipokelewe, humpigia Bwana Bakr. Nimepokea mlio wa kwanza. Nikamwambia shwari. Akataka kumwona Baba amesimama. Nikamwambia amekula, ameshiba, hasimami mtu aliyeshiba. Kisha akasema Jumamosi anakuja.

Jumamosi! Siku nne.

Nilikwenda kwa Bwana Bakr, eti kumjulia hali ami yake. Mzee amekaa juu ya godoro la upepo, amepakwa mafuta, anang'aa. Ukutani pana karatasi: kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto; kisha mgongo; kisha wa kulia. Bwana Bakr ametia alama kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza kama anamuuguza ami yake au anamchoma samaki wa kupaka. Hakucheka. Aliniuliza Baba analala vipi. Nikasema vizuri, chali, kama sultani. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sipendi anavyotazama.

Jumatano, 15 Oktoba

Lazima Baba asimame kabla ya Jumamosi. Mimi mwenyewe siwezi kumwinua, mgongo umekataa. Kumwita mtu ni kumwita Nasreen.

Nikiwa nafunga kikoi chake nikatazama juu, nikaona boriti. Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu miaka yote! Mashua ya tani tatu huinuliwa kwa kapi na kamba. Tanga hupandishwa kwa kapi na kamba. Baba ana uzito gani? Kilo hamsini na mbili, kwa mizani ya zahanati.

Kapi nimelitoa stoo, gurudumu la mti la kupitishia kamba, la Baba mwenyewe, lipo tangu kabla sijazaliwa. Kamba nimeipata. Kilichokosekana ni kitambaa cha kumbebea. Tanga kuukuu limeliwa na panya. Shuka zetu zimechakaa, zitachanika. Nikafungua sanduku la Baba wakati amesinzia, na chini kabisa, chini ya kanzu za Idi, nikakuta kitambaa cheupe, kipya, kigumu, kimekunjwa vizuri. Kilikuwa na harufu kali ya dawa ya nondo. Nikashukuru kwamba nondo hawakukigusa.

Jaribio la kwanza: gunia la mchele, kilo hamsini, limefungwa kwa kamba tupu. Limepanda. Limeshuka. Limepanda tena!

Baba aliamka akakuta gunia linaning'inia juu ya miguu yake. Nilidhani atakasirika. Akaangalia fundo, akauliza nani kalifunga. Nikasema mimi. Akasema lile ni fundo la kufungia punda, tena punda asiyetakiwa nyumbani. Akanielekeza. Nikafunga. Akakataa. Nikafungua, nikafunga. Akakataa. Mara nane. Aliniita mpumbavu, kipofu wa vidole, na hasara ya marehemu Mama. Sauti ilikuwa imerudi. Mato yake yaling'aa. Tangu Julai sijamwona hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinifukuza karakanani kwa makosa yale yale. Leo jioni nimemkata kucha za miguu. Mguu wa kulia sikuugusa. Nauogopa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nitafuata saa, nisije nikachanganya.

Saa tisa na dakika arobaini. Baba ameswali kwa kulala. Nimemviringisha kitambaa cheupe chini ya mapaja na mgongoni, kama alivyoelekeza. Alikuwa ameyafumba macho, mguu unamuuma. Nikavuta. Akapanda! Taratibu, kimya, kama mtoto kwenye susu. Futi moja. Futi moja na nusu.

Saa tisa na dakika arobaini na tatu. Baba akavuta pumzi kwa pua. Mara mbili. Akauliza kwa sauti ndogo nimekitoa wapi kitambaa hiki. Nikasema sandukuni, chini. Kisha akasema kuwa ile si dawa ya nondo, ni kafuri. Kwamba kitambaa alikiosha kwa maji ya Zamzam mwaka aliokwenda Makka. Kwamba kilikatwa kwa kipimo chake, na kipimo hicho si cha kupandia yuu.

Sanda! Nimemtundika baba yangu kwenye sanda yake, akiwa hai.

Nikaachia kamba ili ashuke. Hakushuka. Kapi limekwama. Miaka thelathini stooni, mti umevimba, na gunia halikuwa na haraka ya kulifichua hilo. Nikavuta. Nikatikisa. Baba akaanza kuzunguka polepole, uso ukutani, uso kwangu, uso ukutani.

Saa kumi kamili. Simu. Nasreen.

Nikaacha iite. Ikaita ya pili. Nikakumbuka Bwana Bakr, nikapokea. Nikaisogeza karibu sana na uso wa Baba ili kisionekane chochote kingine, nami nikawa nazunguka naye. Nasreen akauliza kwa nini ukuta unatembea. Baba akasema ni simu ya Harith, mbovu kama mwenyewe. Akauliza mbona boriti ziko karibu hivyo. Baba akasema nyumba imetitia. Akauliza kile cheupe ni nini. Baba akasema, shuka. Nasreen akakata.

Nilijua anampigia nani.

Saa kumi na dakika saba Bwana Bakr aliingia na watu watatu kutoka karakanani. Naandika walichokiona wao, si kilichokuwapo. Waliona mzee amefungwa cheupe, macho yamefumbwa kwa kizunguzungu. Walisikia harufu ya kafuri. Waliniona mimi nimeshika kamba, nalia. Mmoja akageuka akatoka mbio. Bwana Bakr akasema kwa utulivu, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Baba akafungua macho. "Sote ni wake," akasema, "lakini nishusheni kwanza."

Waliobaki hawakukimbia, kwa kuwa miguu ilikataa. Mmoja alitaka kukata kamba. Baba akamkaripia: kamba njema haikatwi. Akawapanga. Bwana Bakr bega lake chini ya mgongo, wawili kwenye kamba, mimi nisiguse kitu. Kwanza yuu kidogo, kapi lipumue, ndipo tini. Akahesabu mwenyewe. Sauti ilisikika hadi nje. Akashuka kitandani kama mashua mpya inavyogusa maji, na Bwana Bakr akamfunika miguu kwa heshima, na alipoufunika mguu wa kulia, akausimamisha mkono wake.

Aliuona uvimbe. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kapi.

Yule aliyekimbia hakukimbia bure. Saa kumi na dakika ishirini na sita habari ilikuwa Mombasa. Saa kumi na moja kasorobo watu wanne walifika mlangoni na majembe. Baba aliwaita ndani. Akawashukuru. Akasema maadamu wamekuja, wajue kabisa: ubavuni kwa Mwanamkisi, mke wake, upande usio na mizizi, na mwaka huu hapana haraka. Wakabishana naye kuhusu mizizi karibu nusu saa. Wawili walikunywa chai.

Nilimpigia Nasreen kumwambia Baba yu hai. Hakuniamini. Nikamwapia. Akasema kwa siku nne namwambia shwari, sasa aniamini kwa lipi? Alikuwa analia kwa namna ambayo sijapata kuisikia. Ilibidi Bwana Bakr achukue simu. Huyo Nasreen alimwamini kwa neno moja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Afra alikuja asubuhi. Bwana Bakr ndiye aliyemwita. Sikuwa na nguvu ya kuzuia.

Alibonyeza mguu. Mfupa haukuvunjika, umeteguka. Nikashusha pumzi niliyoizuia tangu Jumatatu. Kisha akaomba tumgeuze Baba ubavu, na hapo juu ya makalio palikuwa na doa jekundu, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, ngozi imeanza kulainika. Alibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Akauliza mzee amelazwa chali kwa muda gani. Nikasema siku tatu. Akauliza, bila kugeuzwa? Nikasema kama sultani.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Doa kama lile lisipopunguziwa uzito hufunguka. Likifunguka huenda ndani. Likienda ndani kwa mzee wa umri ule, wale watu wanne watarudi na majembe yao, na hawatakunywa chai.

Nimemlinda asianguke, na huku nilikuwa namwozesha. Bwana Bakr alisimama mlangoni na karatasi yake yenye kalamu nyekundu. Hakutaja samaki wa kupaka. Mtu mbaya angalitaja.

Nasreen alifika baada ya sala ya Ijumaa. Mabasi, boti, punda. Ameshuka na vumbi mpaka kwenye kope. Alinipita kama anayepita mlango. Akakaa kitandani, akamshika Baba uso, akamtazama pumzi kama mimi nilivyomtazama, lakini bila kioo. Baba akamuuliza kama amemletea halua. Hapo ndipo alipovua viatu.

Sanda imefuliwa. Ipo kambani uani, kwa kila mpitaji kuiona. Kila anayepita husema Allahumma.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkutano saa tatu asubuhi. Nasreen, Baba kitandani kwa ubavu wa kushoto, mimi, na Bwana Bakr, safari hii amealikwa.

Nasreen alikuwa amekwisha kuweka nguo za Baba kwenye begi. Nililiona begi. Niliiona nyumba itakavyokuwa: kitanda, boriti, mimi. Nina miaka hamsini na moja. Niliachwa na mke, na kazi ya kupika botini ilikwisha boti ilipouzwa. Anayeniita kila siku kwa jina langu ni huyu mzee mmoja.

Baba alianza. Masharti, alisema, ni kuanguka. Yeye aliketi. Shahidi ni nani? Nasreen alinigeukia mimi. Aliuliza polepole: "Harith. Baba alianguka au hakuanguka?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililiandaa tangu Jumatatu, nikalifanyia mazoezi. Nikafungua kinywa na likatoka jingine. Nikasema alianguka. Nikasema alianguka kwa sababu nilimwacha peke yake, nikaenda kuchungulia godoro la Bwana Bakr.

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

Bwana Bakr akasema, kama anayejibu salamu, kwamba godoro lile linavuja upande mmoja.

Nasreen alijifunika uso kwa buibui. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia, na pengine alikuwa analia, lakini alipoufunua uso alikuwa anacheka pia. Akasema hilo ni neno la kwanza la kweli alilolisikia kwangu tangu mwaka jana, na mtu anayeweza kusema aibu kama ile anaweza kuambiwa la kufanya. Akalifungua begi. Akaanza kurudisha nguo sandukuni.

Masharti mapya. Karatasi ya Bwana Bakr kwenye ukuta wetu. Bwana Bakr kupita asubuhi na jioni. Afra kila Jumatano. Kapi lirudi stoo. Na Baba akianguka, nisiseme shwari, nimwite Bwana Bakr saa ile ile. Nimekubali yote. Nimeapa. Baba pia ameapa, ingawa alisema hajui anaapia nini.

Namshukuru Mungu. Kumbe kweli ni nyepesi! Sitaisahau siku hii.

Jumanne, 21 Oktoba

Nasreen ameondoka jana. Karatasi iko ukutani. Nimemgeuza Baba mara ishirini na sita, alama zote nyekundu, zimenyooka kuliko za Bwana Bakr. Doa limeanza kufifia. Bwana Bakr alipita asubuhi, akachungulia karatasi, akasema vyema. Vyema! Kama mwalimu kwa mtoto wa chuoni.

Saa nane mchana Baba alitaka kusimama kidogo dirishani, avute hewa. Nikamsimamisha. Akashika vyuma vya dirisha. Saa nane kamili ni zamu ya ami yake Bwana Bakr, ubavu wa kulia. Nikajiuliza kama anageuzwa kwa wakati. Ni swali la haki. Nikatoka kidogo tu.

Hajageuzwa! Dakika kumi na moja zimepita, na Bwana Bakr amesinzia kitini, kalamu nyekundu mkononi. Nimeziona mwenyewe, nimeziandika.

Niliporudi Baba ameketi. Ghafla. Chini ya dirisha.

Nimepiga magoti mbele yake. Mguu wa kushoto safari hii. Nimemuuliza kama anaumia. Amesema kidogo. Nimemuuliza kama nimwite Bwana Bakr, kama tulivyoapa. Akafikiri. Amesema Bwana Bakr ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Tukatazamana. Kisha sote wawili tukatazama juu.

Kapi nimelitoa stoo, nimelipaka mafuta ya papa, sasa linazunguka bila sauti. Kitambaa ni shuka la maua, la kwangu, halina harufu yoyote. Fundo analifunga Baba mwenyewe, ameketi pale pale sakafuni, ananitukana, mato yanang'aa.

Ni saa tisa na nusu. Nasreen anapiga saa kumi. Shwari.